Unga kwenye Injini

Gari ile ilinigharimu mbuzi wawili, cherehani ya mke wangu, jogoo, kikombe cha unga wa muhogo, na baba. Nimehesabu mara mbili. Jumla haibadiliki.

Niliuza mbuzi mmoja na cherehani, nikainunua kwa Mzungu mwenye duka aliyekuwa akihama baada ya uhuru. Aliapa injini ni nzima, nami nikambana bei mpaka akanichukia. Uasi ulipofika, ilikuwa ikivuja mafuta na kukohoa kama mgonjwa wa kifua. Baba alikuwa Katogota, miguu imevimba, hawezi kutembea. Akatuma neno: wapiganaji wameonekana milimani, nije nimchukue.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Mulongwe. Akaifuta injini ikakauka, kisha akaomba unga.

“Unga? Mu hii njaa?” mke wangu akauliza, akileta kikombe kutoka nyumbani. “Injini nayo iko na watoto?”

Fundi akainyunyizia ikawa nyeupe, akaiwasha, tukainama. Unga ulilowa kwanza juu, chini ya mfuniko, kisha tone likateremka hadi buji ya tatu, ile plagi ya kuwashia moto. Akachomoa waya wa buji ya kwanza: injini ikayumba. Wa pili: ikayumba. Wa tatu: injini haikujali.

“Uliniambia magonjwa mbili,” akasema. “Iko moja. Mafuta inatoka huku juu, inazimisha buji.”

“Basi nalipa nusu.”

“Weye! Gasketi ya kweli iko moja tu, bei yake mbuzi. Ao nikukatie ya katoni, unipe jogoo. Lakini ya katoni ikipata moto, haifike mbali.”

“Katogota si mbali.”

Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu. Mbuzi mzima nimemwokoa.

Katoni iliungua nikiwa bado na mwendo wa saa moja kwa miguu kufika Katogota. Moshi, kisha kile kikohozi. Nikaifuta buji kwa shati, injini ikawaka, buji ikalowa tena. Watu walikuwa wakija mbio, mikeka kichwani. Mama mmoja akanipigia kelele bila kusimama: “Bantu banakufa kule, weye unapangusa chuma!”

Ningeweza kutembea. Nilihesabu: saa moja kwenda, na kurudi je, na mzee mgongoni? Nikahesabu tena. Nilipomaliza, nilikuwa nimeshaigeuza gari. Kurudi, ilikubali.

Baba hatukumwona tena. Yule mbuzi niliyemwokoa aliliwa na askari juma lililofuata.

Dada yangu yuko Rugenge, amezeeka. Kila nikimtembelea huuliza: “Ile siku, gari iliharibika nini?” Mimi hujibu: “Buji.” Si uongo, fundi mwenyewe alisema. Ila juzi aliuliza mara mbili, akiniangalia usoni.

Weye unayesoma, kama umewahi kufurahia bei uliyopunguziwa: nimwambie habari ya mbuzi, au nimwachie buji yake? Nishauri, naye hana miaka mingi ya kungoja.