Siku faili ya PhD ya binti yangu ilipoletwa nyumbani aisaini mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Juba.

Nianze na waliokuwepo, maana kisa kisicho na majina mimi huwa sikiamini.

Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Kiden, binti yangu wa pili, amelala kwenye kochi na malaria. Alikuwepo Pitia, karani wa ofisi yake. Marehemu mama yake, Keji, tuliuza naye mboga soko la Custom. Na alikuwepo Dokta Lado, mwalimu anayemsimamia Kiden kwenye PhD, amekuja kumwona mgonjwa na kilo mbili za sukari.

Ni Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Hai Jalaba. Nitasema nilichoona na kusikia. Nisichokijua nitasema sikijui.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo nawaeleza kama nilivyoelezwa.

Kiden ni mkuu wa ofisi ya masomo ya juu kwenye chuo kimoja hapa. Mtu akimaliza kuandika kitabu chake cha PhD, kinapita kwake. Yeye ndiye anawaandikia barua watahini, wale maprofesa wa kukisoma na kusema umepita au bado. Majina yao mwanafunzi haruhusiwi kuyajua.

Sasa Kiden huyohuyo ni mwanafunzi wa PhD, chuo hichohicho. Angeenda kusoma mbali, mimi na wajukuu tungebaki na nani?

Taabu yake ilianza zamani. Dokta Lado alikuwa anachelewesha ripoti za wanafunzi, na ni kazi ya Kiden kumwandikia barua ya kumkumbusha. Jumatatu anamwandikia barua kali. Jumanne Dokta anamrudishia sura yake ya tatu, wino mwekundu kama imechinjiwa kuku. Kiden alikuwa ananiuliza, Mama, huyu ananisahihisha au ananilipiza? Nikamwambia sijui, soma wino kwanza.

Akasoma. Akasema mwekundu wote ni wa haki. Namshukuru Dokta mpaka leo, hakuwahi kuchanganya barua za ofisi na sura za mwanafunzi wake.

Turudi kwenye Jumamosi.

Pitia alikuja na faili tano, za wanafunzi watano waliomaliza. Kamati inakaa Jumatatu, na bila sahihi ya Kiden hakuna faili inayoingia. Nne za watu. Ya tano ya Kiden mwenyewe, na ndani yake majina ya watahini wake.

Pitia si mtu mbaya, wakuu. Ana huruma nyingi, kama mama yake. Aliona bosi anatetemeka kwa homa, akataka kumsaidia.

"Madamu, ile yako nimeiweka chini kabisa," akamwambia. "Nitaifunika juu na karatasi, nikuachie pa kusaini tu. Hata hutaona jina la mtu. Kalas, imeisha."

Dokta Lado akasema naye haoni ubaya, Kiden anajulikana ni mkweli. Akamkumbusha pia kwamba faili ikikosa kikao hiki itangoja miezi, na mahafali ya mwaka huu yatampita.

Hapo ndipo palipouma. Miaka sita ameandika hicho kitabu. Watu wetu wa Yei walishaambiwa. Dada yangu Poni aliyebaki Kitale alishanunua kitenge cha sherehe.

Kiden akasaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kalamu ikasimama juu ya ya tano. Akanitazama mimi, si Dokta.

Mimi ya ofisi siyajui. Nikamkumbusha uji.

Tulipokuwa kambini Kenya, kina mama tulipika uji wa shule kwa zamu, wawiliwawili: mimi, Amina, Nyandeng na Rejoice. Sheria yetu hakuna aliyeiandika. Mtoto wako akifika mbele ya sufuria, unampa mwenzako upawa. Kiden akifika, mimi nampa Amina. Wa Amina akifika, napokea mimi.

Siku moja Amina alikuwa anaumwa, na foleni ilikuwa ndefu. Nikampakulia Kiden mwenyewe. Upawa mmoja, kama wa wengine wote, naapa.

Watoto wakasema amepewa wa chini, ule mzito. Muhula mzima wakamwita Chini ya Sufuria. Alikuwa na miaka minane, alilia mpaka akakataa shule.

Nikamwambia, "Uji ulikuwa sawasawa, mwanangu. Lakini mkono ulikuwa wa mama yako."

Halafu akacheka kidogo na homa yake. "Chini ya Sufuria," akasema. "Pitia, na wewe faili yangu umeiweka chini."

Akamwambia Pitia aifunge kwenye bahasha bila yeye Kiden kuigusa. Akaandika karatasi kwa mkuu wa chuo: kila kitu cha faili yake, hata funguo ya kabati, kiwe kwa msaidizi wake, Achol. Tarehe, saa, sahihi yake. Pitia na Dokta wakasaini kama mashahidi.

Achol naye alikuwa safarini, kwa hiyo faili ya tano ilikosa kikao. Mahafali yakampita. Poni akaniuliza kwa simu, kitenge akipeleke wapi? Ofisini kuna waliomcheka, eti anajifanya mtakatifu.

Mwaka uliofuata akapita, na maneno yakaja: amejichagulia watahini. Kamati ikauliza. Achol akatoa ile karatasi yenye sahihi tatu na saa yake. Wakaisoma, wakamaliza neno hapohapo.

Mungu ambariki Achol. Ambariki na Pitia, aliyekwenda mwenyewe kuwaambia kamati kwamba wazo la kufunika lilikuwa lake.

Siku ya sherehe nilipika mimi, na upawa nilishika mimi. Watu wakapanga foleni, na katikati yao Dokta Kiden na kofia yake. Alipofika mbele yangu nikampa Achol upawa.

Achol akampimia kidogo mno. Kiden akasema, "Mama, huyu ananipunja." Nikamwambia aende akale hivyohivyo.

Nilichojifunza: kuwa mkweli hakutoshi ukiwa unapakua na unakula wewe mwenyewe. Mpe mwenzako upawa mapema, sufuria ikiwa bado imejaa. Wenye kazi za namna hii, nyie mnafanyaje? Niambieni.

Na kama Pitia au Achol mnasoma hapa, nimeongea kwa kukumbuka. Kuhusu Amina sina hakika, huenda aliyeumwa siku ile ya uji alikuwa Nyandeng. Palipopinda mninyooshee.