Nilivyokamatwa na Mashine ya Mzee Nalinga Mgongoni

Jamani, hili jambo nilikuwa nimelimeza, lakini kwa kuwa kila nikipita mnaguna na kucheka pembeni, bora mlisikie kwangu kuliko kwa wanaoongeza chumvi.

Nilikuwa nimepeleka posa kijiji kimoja karibu na Mahurunga, majibu bado, nami nikaona (kiherehere changu hicho) niwapulizie wakwe watarajiwa mikorosho yao salfa, ile dawa ya unga wa njano, ili mama mkwe ajue binti yake haendi kwa mvivu. Mashine sina. Jirani yao, Mzee Nalinga, mtu wa umri mkubwa, akaniambia mwenyewe, "Chukua yangu, mwanangu, mafuta yaliyomo ni machache, mengine nitakuletea," akanibebesha mgongoni kwa mikono yake, nikashukuru, nikaenda.

Nikapuliza mpaka petroli ikakata. Kumbe huku nyuma mzee kapitiwa na usingizi, kaamka, kaona mashine haipo, kapiga yowe la mwizi. Nami ndiyo natoka shambani njano mwili mzima, kitambaa kimeniziba uso yamebaki macho tu (wewe ungenidhani nani?), na mashine ya watu mgongoni. Mgambo wawili hawakuuliza. Nikafungwa kamba, nikapitishwa katikati ya kijiji, watoto nyuma wanashangilia, na nani kasimama uani na ungo wake wa makopa ya muhogo? Mama mkwe! Alijiziba mdomo kwa kanga.

Ofisini kwa mtendaji nikakalishwa sakafuni, nikavuliwa kitambaa usoni, mzee akaulizwa kama ananijua. Akanitazama kwa makini kabisa. "Simjui huyu. Sijampa mtu mashine."

Nilitaka kulia, maana hakuwa anasema uongo, nilimwona machoni. Na mama mkwe alikuwa keshafika, yuko dirishani, nikajua posa ndiyo imekwisha.

Ndipo akaingia Somoe, binti wa mzee, anahema, chupa ya petroli mkononi. "Baba, si huyu uliyenituma nimpelekee mafuta? Nimezunguka shamba lote namtafuta!"

Mzee akaitazama ile chupa, akatutazama sisi. Mgambo wakanifungua. Nilikuwa nimeshapanga maneno makali, wallahi, lakini mzee akavua kofia yake akaanza kunipangusa salfa usoni, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, mwanangu. Kichwa kinaniacha. Leo nimekufungisha wewe, na siku nikimsahau huyu anayenipikia?"

Somoe akageukia ukutani. Nikamshika mzee mkono, nikamwambia yamekwisha, baba.

Posa ilikubaliwa (mama mkwe alisema mtu aliyefungwa kamba na bado asimtukane mzee ataweza kuishi na binti yake), ingawa mashemeji wananiita Salfa mpaka leo. Tangu siku ile siazimi kitu kwa mzee, hata jembe, mpaka mtu wa nyumbani awepo na aone. Wapo wanaosema nimekuwa mwoga, najikinga. Kamba ile niliisahau baada ya wiki. Ninayemkinga ni mzee, asije akalia tena mbele ya watu.