Gogo la Mama Kapinga

Mama Hortense alikuwa na moyo mwema, na alikuwa na mdomo pia. Mtaa wote wa Lubuye ulivijua vyote viwili. Mumewe Barthélemy alifanya kazi ya reli hapo Albertville, kabla mji haujaitwa Kalemie. Siku moja mwaka wa sitini na moja akarudi na habari kwamba treni ya Nyunzu imewashusha watu waliokimbia vita, wamekaa chini stesheni na hakuna wa kuwapokea. Hortense akawakusanya wamama wenzake wa parokia, wakaenda. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalipa. Kila mmoja alichagua wa kumwangalia, na Hortense akamchukua Kapinga, mjane aliyepofuka, ambaye wanawe walibaki huko. Walibaki kwa maana ile ambayo mtu mwenye adabu haulizi zaidi.

Wamama wakamjengea kibanda cha udongo mwisho wa mtaa. Hortense alimpelekea ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, akamfulia, akamchotea maji. Majirani hawakumtukana Kapinga, lakini walipita mbali na mlango wake. Walisema vita hufuata watu wake. Mimi sijapata kuona vita ikimfuata kipofu, ila hofu haina masikio.

Kapinga mwenyewe hakulalamikia chakula. Jambo lililomkosesha usingizi alimwambia Hortense waziwazi. "Kula ninakula, Mama. Ninaogopa kuzikwa sawa na imbwa, muntu wa kunililia hakuna."

Hortense akamwapia kwamba halitatokea. Njia aliijua. Mtaani pale, penye kilio kila nyumba ilipeleka gogo la kuni. Mwanamke alilibeba kichwani, akalitia motoni mbele ya watu, akakaa chini na wafiwa. Aliyekuletea gogo ulimpelekea lake siku yake ikifika. Basi tangu hapo, kila kilio Hortense alibeba magogo mawili. La kwanza alilitia kimya, la pili akatangaza ndilo la nani, "Hili njo la Mama Kapinga."

Kapinga aliomba kwenda mwenyewe. "Unishike mukono tu, nitabeba," alisema. Hortense akakataa. Alitaja mawe ya njiani, mteremko, na askari. Kilichokuwa moyoni ni kingine: aliogopa watu wangesogea pembeni, na mama wa watu ausikie mkeka ukibaki mtupu pande zote. Alimhurumia. Kapinga akacheka. "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Miye hapa mwaka wa ngapi? Jembe langu liko wapi?" Hortense naye akacheka, akajitwika gogo, akaenda zake.

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia mjini, kisha askari wakarudi kuwafukuza, na kati ya hao na hawa watu walikufa ovyo. Vilio vilifuatana hadi shingo ya Hortense ikakakamaa. Alipeleka gogo la Kapinga hata kwa Papa Siméon, fundi seremala mwenye kusikilizwa mtaani, alipofiwa na mama yake. Mvua zilipoanza, homa ikampata Kapinga, akafa asubuhi Hortense akimshika mkono.

Bertille, mmoja wa wale wamama wa parokia, akabaki kumwosha. Hortense akapita mlango kwa mlango kuwaita watu kilioni. Huyu ana mgonjwa, yule anaogopa askari, mwingine hakufungua. Kwa Siméon akamkumbusha gogo lililokuja kwenye kilio cha mama yake.

Siméon alijibu kwa upole. "Magogo yale njo yako, Mama. Yeye hatukumuona. Hakukaa na sisi, hakulia na sisi. Ungekuwa weye, tungejaa pale."

Siméon alikuwa na roho ngumu, nami silimezi neno hilo. Lakini alisema kweli. Hortense, pamoja na mdomo wake wote, akageuka akaondoka. Alirudi chini ya mvua akilia kwa sauti kama mtoto, maana alijua ni nani aliyemficha Kapinga miaka yote ile.

Kibandani hapakuwa na moto, na kuni za nje zilikuwa zimelowa. Barthélemy alikuwa amekwisha kufika kutoka kazini, amekaa karibu na maiti, kofia mkononi. Bertille akainama, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa gogo kubwa, kavu, limebanduliwa gome, na juu yake ngata ya kitambaa ya kubebea kichwani, iliyokwisha kusokotwa. Bertille akaeleza kwamba mwisho wa kiangazi alimkuta Kapinga akiliburuta kutoka mtoni, fimbo kwapani, magoti yakivuja damu. Kapinga alimwomba asimwambie Hortense. Kilio kitakachofuata, alisema, angelibeba mwenyewe.

Hortense aliiweka ngata chini ya kichwa cha marehemu. Kisha akalipasua gogo, wakawasha moto mlangoni, palipo na paa.

"Hili njo la Mama Kapinga," alisema kama alivyozoea, na waliomsikia walikuwa Bertille na Barthélemy tu.