Picha Aliyoituma Damalie

Damalie alikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza moja ya Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka pale malori yanapojipanga kungojea karatasi zao. Alishona sare za shule. Kwa miaka kumi na mmoja hapakuwa na mzazi aliyempelekea kitambaa akarudi kulalamika, na mwenzake wa barazani, Taaka, aliyeshona gomesi, yale mavazi marefu ya kina mama wa Uganda, na magauni ya harusi, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkasi wa Damalie una macho.

Mumewe, Mukhwana, alikuwa mbeba mizigo pale pale mpakani. Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Magunia yalipomharibu mgongo, wakala mmoja wa Kampala alimtafutia kazi ya ulinzi Uarabuni, kazi ya kusimama mlangoni bila kubeba kitu, na Mukhwana akaenda. Kila Jumapili, Damalie akitoka kanisani, simu ilikuwa inaita. Waliongea mambo madogo madogo: joto la huko, wali wa kila siku, nani kafiwa mtaani. Miezi saba ikapita hivyo. Kisha Jumapili moja simu haikuita. Iliyofuata pia kimya. Damalie akapiga yeye, akaambiwa namba haipatikani. Akafunga safari hadi kwa wakala, akakuta ofisi imegeuka saluni, na wasichana waliokuwa wakisuka nywele humo hawajawahi kulisikia hilo jina.

Nje ya saluni ile alisimama mwanamke mwingine, naye anamtafuta dada yake. Yeye ndiye aliyemwingiza Damalie katika kundi la WhatsApp la watu wenye ndugu walioko Uarabuni.

Mwanzoni lilimpa nguvu. Kumbe hakuwa peke yake! Kundi moja likamvuta kwenye la pili, la pili likamvuta kwenye la tano, na mwaka ulipokwisha alikuwa kwenye makundi sitini na moja. Humo mlikuwa na kila kitu. Pasipoti zilizookotwa. Sauti za wasichana wanaolia chooni. Maombi ya siku arobaini, matangazo ya kazi Kanada, dawa ya kisukari, vita vya mbali, mchungaji aliyeota ndoto, gari lililopinduka, orodha ya majina ya wafungwa ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Jumbe elfu moja kwa siku, siku nyingine elfu mbili. Damalie alizisoma zote. Hakuthubutu kuruka hata mmoja, maana aliamini kwamba huo atakaouruka ndio utakaokuwa na Mukhwana ndani yake.

Simu aliiegemeza kwenye mkono wa cherehani, mguu ukikanyaga, jicho likisoma. Akashona mikono ya mashati kinyume. Akatoa kaptula ishirini na nne zisizo na mifuko, mwalimu akazirudisha. Siku moja sindano ilimpita kidoleni, akachomoa, akafunga kitambaa, akaendelea kusoma. Taaka alikuwa akimsimulia habari za harusi ya binti yake, na Damalie akiitikia "mm", "mm", mpaka Taaka akanyamaza katikati ya sentensi kuona kama ataulizwa kilichofuata. Hakuulizwa.

"Damalie," Taaka alisema baadaye, "mimi nakaa na wewe hapa, lakini ni kama nakaa na kiti."

"Nitamaliza sasa hivi," Damalie akajibu, bila kuinua kichwa.

Watu wa makundini walianza kumjua. Dada Damalie wa Busia, yule anayekumbuka kila picha. Mtu akiwa na swali alimtumia yeye. Jambo hilo lilimpa joto fulani moyoni, joto ambalo nyumba yake ya chumba na sebule haikuwa nalo. Alikuwa anahitajiwa, ingawa na watu asiowajua kwa sura.

Ndipo ilipokuja ile picha. Mtu fulani aliirusha kundini bila maelezo zaidi ya jina la mji: mwanaume amelala chini ya shuka katika chumba cha maiti, uso wazi, kovu limekata nyusi ya kushoto. Damalie alikumbuka kwamba katika kundi jingine, msichana aitwaye Betty, wa Nagongera, alikuwa akimtafuta kaka yake Oketcho, na kwamba aliandika kuhusu kovu la nyusi. Akamtumia Betty ile picha.

"Dada, jikaze," aliandika. "Nadhani ni huyu."

Betty akauliza: "Una hakika, dada?"

Damalie alikuwa na watu wengine saba wanaomngoja. Kidole kilikuwa tayari kimekwenda kwa wa pili. Akarudi haraka, akaandika "Ndiyo", akaendelea na wengine.

Huko Nagongera waliamini. Nyuso za wafu hufanana, na anayetafuta kwa muda mrefu huchoka hata kuangalia vizuri. Walipiga turubai uani, wakaita katekista, wakalia siku nne. Mama mzazi akanyoa kichwa. Siku ya tisa simu ya Betty ikaita kwa namba ya ugenini, na aliyekuwa upande wa pili ni Oketcho, mzima. Alikuwa ameshikwa kwa ajili ya karatasi za kazi, akanyang'anywa simu, sasa ameachiliwa.

Betty alimtumia Damalie sauti, na kwa sababu jumbe zilikuwa nyingi, Damalie aliisikiliza baada ya siku mbili. Betty hakupiga kelele. Alisema tu: "Dada, Oketcho amepiga simu. Yuko hai. Mama amenyoa kichwa. Mimi sijui nikuambie nini."

Damalie aliisikiliza mara tatu. Kitu cha kwanza kilichompanda kifuani hakikuwa furaha wala aibu, kilikuwa wivu. Simu yao imeita, yangu haikuita. Alipojisikia akiwaza hivyo alisimamisha cherehani, akamwomba Taaka amwangalizie vitambaa.

Kesho yake alikwenda hadi Tororo, na kutoka hapo akachukua bodaboda mpaka Nagongera. Ilikuwa siku ya soko. Alinunua sukari na sabuni ili asiingie mikono mitupu, akaulizia nyumba, akaonyeshwa. Mama yake Oketcho, aliyeitwa Agwang, alikuwa amekaa ukumbini akipepeta nafaka ya wimbi. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe, fupi kama vumbi la unga. Damalie alipiga magoti mbali kidogo, akasalimu.

"Mama, mimi ndiye Damalie wa Busia. Ndiye nilituma ile picha."

Agwang aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Ni wewe aliniulia mtoto?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Huyo mtu, uliona na macho yako?"

"Hapana, mama. Niliona picha."

Simu ilikuwa ikitetemeka ndani ya mkoba wa Damalie, ikatulia, ikatetemeka tena. Agwang aliutazama mkoba.

"Nani anakuita hivyo? Shika. Labda nyumbani iko shida."

Damalie alifungua mdomo kujibu, akakosa jina la kutaja. "Hakuna mtu, mama," alisema. Na ulikuwa ukweli mtupu. Kitu kile kilitetemeka kutwa kucha, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akimwita yeye.

Agwang aliweka ungo chini. "Mimi nililia siku nne. Sauti ikakauka. Mtoto anakula chakula kwa watu huko, mimi hapa nalia. Sasa kulia kwangu nitarudisha wapi?" Kisha akauliza jambo ambalo Damalie hakulitarajia. "Na huyo amekufa kweli. Huyo wa picha. Ni mtoto wa nani?"

Damalie hakujua. Hakuwa ameuliza. Katika makundi yote sitini na moja, wiki mbili nzima, hakuna aliyeuliza. Picha ilikuwa imekwisha funikwa na nyingine.

Agwang hakusema amemsamehe. Sukari aliipokea, kwa sababu mgeni hakatazwi, na Betty akaletwa amsindikize hadi barabarani. Njiani wasichana wale wawili, maana Damalie naye alikuwa bado na miaka thelathini na mitatu tu, walitembea bega kwa bega. Betty alimwambia, "Mimi pia niliamini haraka. Nilikuwa nimechoka."

Damalie aliporudi Busia aliandika maneno yale yale katika kila kundi: kwamba aliwaliza watu wa Nagongera kwa mtu aliye hai, kwamba hakuwa na hakika na alisema anayo, kwamba anaomba radhi na anatoka. Wengine walimtukana. Wengi hawakuona, kwani baada ya dakika tano ujumbe ulikuwa umesukumwa juu sana na mingine. Akatoka kundi la kwanza, la pili, la kumi. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, na kufika la hamsini alikuwa akitokwa jasho kama anayebeba gunia.

Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka miwili alisoma habari zake mara mia na hakulifanya. Alikwenda ofisi ya serikali kuandikisha kwamba mumewe amepotea. Afisa aliandika jina, namba ya pasipoti, tarehe ya simu ya mwisho. Damalie akaacha namba yake, ambayo sasa ilikuwa katika simu ndogo ya kubonyeza. Simu kubwa alimpa Taaka.

"Niwekee. Nitakuja Jumapili mchana, niitazame kwa saa moja tu."

Taaka aliifunga kwenye kanga, akaitia sandukuni.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkono wa cherehani, ukakuta chuma. Pajani alihisi simu ikitetemeka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Jumatano moja alikwenda kwa Taaka akadanganya kwamba anataka namba ya shangazi, akakaa jikoni kwake muda wa saa tatu akiingia tena makundini kwa viungo vya mwaliko alivyokuwa amevihifadhi. Taaka alipika, akapakua, akala, akaosha vyombo. Damalie alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu.

"Umempata?" Taaka akauliza, bila kebehi.

"Hapana."

"Haya. Lete niifunge. Na chakula chako kimepoa."

Ilikuwa mara ya mwisho, au karibu na ya mwisho. Baada ya hapo ndipo upweke wenyewe ulipokuja. Zamani alikuwa anatafuta, na anayetafuta ana shughuli. Sasa alikaa jioni kwenye sebule yake, kikombe cha chai mbele, na aliyekosekana alikuwa Mukhwana, si habari zake. Namna alivyokohoa kabla ya kuingia ndani. Namna alivyomwita "fundi" hata mbele ya wageni. Alijaribu kuikumbuka sauti akaikosa, kwa kuwa sauti elfu za wageni zilikuwa zimepita juu yake. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, na hapakuwa na mtu wa kumwandikia ajikaze.

Mikono ikarudi polepole. Muhula ulipofunguliwa alitoa sare zote kwa wakati. Taaka alirudia kumsimulia ile harusi, safari hii tangu mwanzo, na Damalie akauliza maswali mpaka Taaka akacheka. Betty humpigia mara moja moja. Siku moja alisema, "Mama anasalimia," na Damalie akaweka mkasi chini.

Mwezi wa tano, mchana, simu ndogo iliita. Alikuwa afisa wa ile ofisi. Alisema majibu yamekuja, kwamba Mukhwana hayumo katika orodha ya magereza waliyopewa, wala ya hospitali, na kwamba wataendelea kuuliza.

"Kwa hiyo hamjui," Damalie alisema.

"Bado hatujui, mama."

"Asante kwa kuniambia hivyo."

Alikata simu. Taaka alikuwa amesimamisha cherehani yake, anamngoja. Damalie akamweleza yote, neno kwa neno, na Taaka akasogeza kigoda chake karibu. Malori yalipita, kisha kila mmoja akarudi kwenye kitambaa chake, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na kola tano zilikuwa hazijashonwa.