Wiki Tatu za Kujulikana Chuoni

Habari ya kozi ile ya likizo Mama aliipata harusini, na kwetu Mji wa Kale habari ya harusini haichunguzwi. Mwanamke mmoja waliyekula naye sinia moja alimwambia kuwa kuna chuo Ganjoni kinachukua wanafunzi wa kidato cha tatu kwa wiki tatu za Disemba. Wanalala bwenini, wanaonjeshwa kila fani, na mtoto aliyepitia kozi hiyo, siku ya kuomba nafasi ya kusoma pale hasumbuki.

"Kwa nini hasumbuki?" niliuliza.

"Kwa sababu washamjua," Mama alinijibu huku akivua buibui. "Mtu hafungi mlango mbele ya uso aujuao."

Nilitaka kumwambia kuwa chuo si nyumba ya ami yangu, lakini alikuwa ashaanza kutafuta ndoo ya kunipakia.

Kutoka kwetu hadi Ganjoni ni mwendo mfupi wa tuktuk. Mama alinifungia mashuka manne, chandarua, ndoo mbili, chupa ya asali na kikapu cha maembe. Dereva wa tuktuk alitutazama, akauliza kwa adabu kama tunahama. Njiani nilipewa wasia. Kusoma nisome, lakini kubwa zaidi nimjue msajili, maana yeye ndiye mwenye kupokea maombi.

"Kila siku umwamkie. Kwa heshima. Na usiende mikono mitupu."

Mimi nilikuwa msichana wa kuzunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya baraza yenye watu. Kumwamkia mtu mzima nisiyemjua, ofisini kwake, nikiwa na chakula mkononi, kuliniondolea usingizi. Lakini kila asubuhi Mama alikuja na hotpoti ya sambusa za moto mpaka langoni, na bawabu alinipigia ukelele mpaka bwenini: "Wa sambusa! Mamako yuwaja!" Siku ya tatu chuo kizima kiliniita Wa Sambusa.

Msajili alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, miwani juu ya paji la uso. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka akaniona mwenyewe.

"Shikamoo. Mama anakusalimu."

"Marahaba. Mama gani?"

"Mama yangu."

Alifunua hotpoti, akachukua sambusa moja, kwa adabu tu. Ya pili na ya tatu hazikuwa za adabu. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikifika namkuta ashasogeza mafaili pembeni. Jina langu hakuniuliza hata siku moja. Mama, nilipomweleza, alisema jina si kitu, muhimu ni uso.

Masomo yenyewe yalinitoa jasho. Mama alitaka nisomee ufamasia, kwa sababu ni kazi ya kukaa kivulini. Siku ya kwanza ya maabara mwalimu alifungua chupa moja, mimi nikavuta pumzi moja, na nilipozinduka nilikuwa sakafuni nikipepewa kwa kitabu. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, ila safari hii nilianguka na trei ya vioo. Siku ya tatu mwalimu aliniomba, kwa upole mwingi, nijaribu fani nyingine, yoyote ile, mradi iwe ya nje.

Ndivyo nilivyoingia kwenye upimaji wa ardhi. Wiki ya mwisho tulipelekwa Shimanzi, wanafunzi sita na mwalimu wetu, kufanya zoezi la kupima barabara ya magodauni. Tulitega mashine yetu kando ya njia, ile ya miguu mitatu yenye darubini juu. Nikapewa zamu ya kwanza ya kuchungulia.

Hatukumaliza hata dakika tano. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alitoka mbio, upawa mkononi.

"Mwabomoa lini?" alipiga kelele. "Nambieni tu, nijitayarishe!"

"Habomoi mtu," mwalimu alimwambia. "Hawa ni wanafunzi."

"Hata waliobomoa mara ile walianza na kidude hiki hiki!"

Madereva wa malori waliteremka kusikiliza. Mwenye kibanda cha pili akaanza kukunja turubai lake. Yule mama alipoona maneno hayasaidii alibadili mbinu, akatuletea chai ya maziwa na mahamri, kila mtu na kikombe chake, akaniomba mimi niliyeshika mashine "niupitishe mstari upande ule". Mwalimu alieleza tena. Hakuna aliyemwamini.

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nilimwambia, "Mama, njoo uangalie mwenyewe. Ukiona cha kubomoa, sisi tutaondoka."

Alifuta mikono kwenye leso, akainama, akafumba jicho moja. Kisha akasema polepole, "Yule si mteja wangu?"

Tuligeuka. Mwisho kabisa wa barabara, kwenye kibanda kingine, mwanamume mmoja alikuwa amekaa na sahani.

"Asubuhi aliniambia amefunga!" mama alisema, na upawa wake ukaondoka naye barabarani. Wote tulicheka mpaka mwalimu akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Baada ya hapo wenye vibanda walipanga foleni, kila mmoja anataka kuchungulia, na zoezi letu hatukulimaliza. Mimi nilirudi bwenini nikijua kazi ninayoitaka.

Mwaka uliofuata nilifanya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yalipotoka nikaomba nafasi pale chuoni, upimaji wa ardhi. Mama aliambatisha picha ya cheti nilichopewa mwisho wa kozi kwenye fomu, akaongeza nakala tatu. Nikaitwa kwenye mahojiano. Nilipoingia nikakuta watu watatu mezani, na wa katikati ni msajili wangu. Moyo ulitulia. Nikasema kimoyomoyo, kumbe Mama alijua.

Msajili aliniangalia, akashusha miwani, akasimama.

"Wenzangu, mimi huyu sitamhoji," alisema. "Nimekula kwao wiki tatu. Haitakuwa haki." Akachukua kalamu yake, akatoka.

Nikabaki na wageni wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke alisukuma cheti pembeni. "Hiki hakina alama kwetu. Tunaangalia matokeo na majibu yako. Kwa nini upimaji?"

Nikawaeleza ya maabara, kisha ya Shimanzi. Nilipofika kwenye upawa, mwanamume aliinamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Mwanamke alijikaza, akauliza, "Na siku watu watakapokuja kukufukuza kwelikweli, utafanya nini?"

"Nitawapa darubini waangalie," nilisema.

Nafasi niliipata. Mama alihesabu ushindi huo kuwa wake, na mpaka leo mtu akimuuliza kama kozi ya likizo yasaidia, hujibu kuwa yasaidia sana, ila unga wa sambusa uwe laini. Mtu akiniuliza mimi, humwambia kuwa kwangu ilisaidia kuniangusha sakafuni mapema, kabla sijapoteza miaka mitatu kwenye ufamasia.

Siku ya kwanza darasani niliketi karibu na msichana wa Likoni aliyevuka na feri alfajiri. Nikamuuliza alikuwa kundi gani la kozi.

"Kozi gani?" alisema. Disemba ile, aliniambia, alikuwa kwao jikoni akifanya hesabu za mitihani ya zamani, moja baada ya nyingine, mpaka zikamwishia.

Kwenye jaribio la kwanza la hesabu yeye aliongoza darasa. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka chini. Jioni hiyo nilimfuata maktabani, nikavuta kiti, nikamwomba anifundishe pembetatu.