Lilla Mamma

Mdogo wangu wa kiume anaishi Uswidi. Kila Jumapili baada ya misa humpigia mama yetu simu ya video hapa Alunguli, mjini Kindu, na ninayeishika simu ni mimi, kwa sababu mikono ya mama inatetemeka. Kwa hiyo nilisikia yote. Mwanzoni alimwita mamma. Baadaye akaleta morsan, neno ambalo vijana wa huko huwatania nalo mama zao. Mama alicheka sana, akaenda kuwatamkia majirani. Mimi ninayempikia sombe na kumkanda miguu sijawahi kumchekesha namna ile.

Wakati wa vita, mimi na mama tulikimbia Kindu kuelekea Tunda. Alikuwa na homa kali. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikamtegemeza begani siku nne porini. Mdogo wangu alikuwa Kampene kwa mjomba. Wao walikimbilia mashariki, wakavuka mpaka, na miaka kadhaa baadaye akapelekwa Uswidi. Katika homa ile mama alikuwa akiita jina la mdogo wangu, na mimi niko chini ya kwapa lake.

Basi Jumapili moja mdogo wangu akasema, "Lilla mamma." Mama akauliza maana yake.

"Mama mudogo," akajibu, halafu mtandao ukakatika.

Mama akanigeukia. Ningeweza kunyamaza.

"Kwetu mama mudogo njo ndugu ya mama," nikamwambia. "Pengine huko amepata mama mukubwa, wewe umebaki mudogo."

Nilisema kama utani, lakini nilitaka umchome. Ukamchoma. Wiki nzima hakumtaja mwanawe. Jumapili simu ilipolia, akasema, "Mwambie nimelala." Alikuwa ameketi, anachambua mchele.

Nikatoka nayo uani.

"Yaya," mdogo wangu akaniita, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "mama iko wapi?"

Nikamweleza nilichofanya. Akasugua uso kwa kiganja.

"Huku, kitu unachokipenda unakiita kidogo," akasema. "Nilikuwa nasikia watoto wakiwaita mama zao hivyo pale mlangoni pa shule. Wakati ule sikujua kama mama ni mzima. Nilikuwa nalitamka peke yangu njiani, nisije nikakosea siku nikimpata."

Nikarudi ndani, simu ikiwa bado hewani, nikamweleza mama maneno hayo, pamoja na kosa langu.

"Ulijua hakusema kwa ubaya?" akauliza.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Porini ulimwita yeye siku zote nne. Mimi hukuniita hata mara moja."

Akaweka ungo chini. "Ningekuitia nini? Wewe nilikuwa nimekushika."

Kisha akaichukua simu kwa mikono yake mwenyewe, ikitikisika vibaya, hata nadhani mdogo wangu aliona dari na kipande cha kitambaa cha kichwa tu. Waliongea kwa muda mrefu. Mimi nikauvuta ungo, nikaendelea na mchele. Jibu lake lilikuwa limenituliza kweli. Lakini niliposikia tena lilla mamma, na mama akaitika kwa sauti nyororo kama ya msichana, wivu ulinipanda upya, nikapepeta kwa nguvu mpaka punje zikamwagika sakafuni.