Barua za Jirani Aliyemshtaki Shangazi

Shangazi yangu alirudi kwetu, karibu na Kebirigo, baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa ameishi Kericho tangu ujana wake, akichuma majani chai katika shamba kubwa, na Mungu hakumjalia mtoto. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alimkatia kipande cha ardhi kando ya mto. Akajenga nyumba ya vyumba viwili, akapanda migomba, akafuga kuku.

Sabato moja tangazo lilisomwa kanisani: wazee waliotimiza miaka sabini waende kwa naibu wa chifu waandikishwe kupata malipo ya serikali, kila mtu mahali anapoishi. Shangazi alinishika mkono pale kwenye benchi na hakuniachilia mpaka ibada ilipokwisha. Siku ya kwenda nilifunga kibanda changu cha ushonaji. Nilimkuta amekwisha vaa kilemba chake kizuri, yuko mlangoni, ananiambia nimechelewa.

Naibu wa chifu alikuwa mama kijana, mgeni katika kazi hiyo. Alikiangalia kitambulisho cha shangazi mbele na nyuma, akauliza kwa upole kwa nini kinasema Kericho. Akaeleza kwamba wako watu wanaojiandikisha mahali pawili, kwa hiyo alihitaji ushahidi kwamba huyu anaishi hapa. Mzee wa kijiji, ambaye angemtolea ushahidi, alikuwa amelazwa hospitalini Kisii. Nikasema nitamleta mchungaji, nikaambiwa amekwenda kwenye mazishi Mosocho. Na fomu zilikuwa zipelekwe Nyamira alasiri hiyo hiyo.

Nilianza kufikiria ni nani mwingine nimkimbilie.

Hapo ndipo jirani yake alipoinuka kutoka kwenye foleni. Ni mzee ambaye shamba lake limepakana na la shangazi kando ya mto, na kwa miaka walikuwa hawasalimiani. Nilidhani amekuja kumwangusha.

"Binti yangu," alimwambia naibu, "fungua kabati hilo utafute jina langu. Nimemshtaki mama huyu katika ofisi hii mwaka baada ya mwaka. Kuku wake wanafukua wimbi langu shambani."

Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Naibu alifungua kabati, akapekua mafaili, nasi tukamsogelea hata akatuomba tumpe nafasi. Akatoa barua ya kwanza, halafu ya pili. Zilifika tano, kila moja ina mhuri wa ofisi na tarehe yake, na ya kwanza ilikuwa ya miaka sita nyuma. Akasoma sehemu moja kwa sauti: jirani yangu huyu, anayeishi kando ya mto, hafungii kuku wake asubuhi wala jioni.

"Mtu asiyeishi hapa angenisumbuaje miaka sita?" mzee akauliza.

Naibu alijaribu kujizuia, lakini naye akacheka. Akapiga simu Kericho, akahakikishiwa kwamba jina la shangazi halimo katika orodha ya kule. Kisha akavuta fomu akaanza kuandika. Shangazi alipoweka kidole gumba kwenye wino, nilimshikia kifundo cha mkono.

Nje alimwendea yule mzee, akamwamkia kwa Ekegusii, lugha yetu, taratibu, kama mtu anayemkuta kwa mara ya kwanza. Mzee akaitikia.

Njiani shangazi alinitaka nimsomee karatasi aliyopewa. Nikasoma: mkazi wa, kisha jina la kijiji chetu. Akaniambia nirudie. Tulikuwa tumesimama katikati ya barabara, pikipiki zinatupigia honi, naye hasogei. Nikasoma tena, kisha tena, na kila nilipofika kwenye jina la kijiji alilitamka pamoja nami.

Malipo yalianza kuingia baada ya miezi kadhaa. Lakini shangazi akisimulia habari hii, huwa anaikomesha pale barabarani.